Ndege Kwanza, Shemeji Baadaye

Walimwita Mama Pete, ingawa vidole vyake mwenyewe vilikuwa vitupu. Kila mara majani yalipoanza kupukutika na ndege wadogo kuikimbia baridi, alitundika nyavu zake laini kwenye miti na mianzi aliyoisimika kinamasini. Aliwanasa, akawapima, akawavisha mguuni kipete chenye namba ya kuwatambua, kisha akawaachia waendelee na safari yao ndefu. Kazi hiyo ilimzeesha, na mtoto pekee aliyewahi kumlea ni mdogo wake, tangu mama yao alipofariki.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Alisikia kabla ya kuona: mlio mkavu, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti. Kwenye wavu wa mwisho alimkuta shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, akiwanyonga ndege walionaswa na kuwatumbukiza guniani. Mtaani alijulikana kama Ulimbo, kwa ile gundi aliyotegea ndege mpaka ikapigwa marufuku.

"Karibu, shemeji," alisema bila hata kugeuka. "Leo umenirahisishia kazi."

"Toa mkono wako hapo!"

"Wewe unawavika mapambo, mimi nawakaanga. Sote si tunawapenda?"

Akavunja shingo nyingine huku akimtazama usoni.

Mama Pete alimrukia. Kofi likamwangusha, na teke likamfuata mbavuni hata pumzi ikamkatika. Ulimbo alipoinama kummalizia, Mama Pete alimng'ata mkono na hakuachia mpaka alipoonja damu. Ulimbo aliruka nyuma akipiga ukelele, kisigino kikakwama kwenye mzizi, akaangukia wavu chali. Wavu mzima ukamshukia.

Mtu akinaswa hufanya kama ndege: hupapatika. Kila alipojipindua, vifungo vya koti vilizidi kusokotana na nyuzi, na ndege waliokuwa bado hai walisagwa chini ya mgongo wake.

"Tulia! Unawaua!"

"Nitoe, mchawi wewe! Nikitoka hapa nakuchinja!"

Akajipindua tena. Mlio ule mkavu ukasikika, mara nyingi kwa pamoja.

Mama Pete aling'oa mwanzi uliokuwa umeshika wavu, akampiga nao begani. Ulimbo hakutulia. Akampiga kichwani, kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na safari hii akatulia. Damu ilimtoka juu ya sikio ikaingia topeni. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka.

Mdogo wake, ambaye alikuwa amemfuata mumewe akijua anakoelekea, alitokea mbio miguu mitupu.

"Dada! Umemuua!"

"Anapumua."

Mdogo wake alizishika nyuzi akaanza kuvuta. Zikakaza shingoni mwa mumewe, naye akakoroma.

"Usivute! Ukivuta unamnyonga."

"Basi mtoe wewe! Si unajua? Mtoe!"

"Ndege kwanza. Wakikaa hivyo watakufa."

Mdogo wake alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona. Kisha akamshika nywele, akamkung'uta, akampiga ngumi za uso huku akilia. Mama Pete hakurudisha hata moja. Mikono yake ilikuwa kwapani mwa Ulimbo, ikimtafuta ndege mdogo mwenye koo la njano. Ndege hutoka njia ileile aliyoingilia, na mtoaji asiye na subira hubaki na mguu tu mkononi. Alimtoa, akamfungulia mkono. Ndege akaruka, bila kuvishwa kipete.

"Huyu ni baba wa wanangu," mdogo wake alisema, sasa kwa sauti ndogo, akiwa amekipakata kile kichwa chenye damu. "Ukimgusa ndege mwingine kabla yake, mimi huna tena. Usinizike, usinililie."

Mama Pete alimsikia vizuri. Chini ya goti la shemeji kulikuwa na bawa, na bawa lilikuwa likitikisika. Akapangusa damu machoni kwa kiwiko, akapiga magoti, akaanza na miguu ya yule ndege.