Mama Kwenye Ngazi za Mlimani

Mji mzima ulimwita Cheka Kidogo, kwa sababu ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyesimama mbele ya kamera yake. Miaka nenda rudi kazi yake ilikuwa moja: kumsimamisha mgeni pale ukingoni mwa mji, kilele cha mlima kikiwa nyuma yake, na kubonyeza. Msimu ule kilele kilikataa kutoka. Mawingu yalishuka yakayalalia mapaa kama blanketi lililoloa, na wageni wakawa wanauliza mlima wenyewe uko upande gani. Nani apige picha na ukungu?

Ndipo mwenye hoteli kubwa, mama mmoja ambaye hata akikusalimu utadhani anakuamrisha, alipomwita.

"Kuta za ukumbi wangu wa chakula ziko tupu. Nataka picha za maisha ya kila siku ya mji huu. Wageni wasipouona mlima, angalau watuone sisi. Usinipangie watu."

"Wakifanya nini hasa, mama?"

"Chochote."

Cheka Kidogo alitoka pale na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Chochote ndiyo nini? Akaanza na fundi viatu wa karibu na stendi. Kuinua kamera tu, fundi akatema misumari aliyoibana midomoni, akaweka kiatu chini, akakaa wima kama anayeapishwa.

"Endelea na kazi, bwana."

"Naendeleaje na wewe umenikodolea macho?"

Kwa dobi ndiko kulikuwa na kituko. Yule mama alimwomba asubiri, akaingia ndani, akatoka na gauni la kuendea harusini, kisha akashika ndoo. Cheka Kidogo akajikuna kichwa. Maisha ya kila siku yalikuwepo pale, aliyaona kwa macho yake, lakini akiyasogelea yanakimbilia kabatini. Mwishowe akaamua kukaa mbali na kupiga bila kulenga sana, kamera tumboni, apite atakayepita.

Jioni alizitazama picha zile kwenye kompyuta pamoja na mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na mwenye jicho kali kuliko lake.

"Hii nzuri. Hii imetikisika. Na hii... Ngoja. Huyu si mama?"

Ilikuwa picha ya ngazi za mawe zinazopanda hadi kibanda cha juu, wageni wanakosimama kuutazama mlima. Katikati ya makoti ya mvua alikuwepo mwanamke mzee ameinua sketi kwa mkono mmoja, anaruka ngazi mbili kwa mpigo, mdomo wazi kwa kicheko.

Sasa, mama yake Cheka Kidogo alikuwa mgonjwa wa magoti. Tangu alipofiwa na mumewe hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Kila asubuhi mwanawe alimpelekea mkate, akamkanda kwa dawa ya kuchua, wakazungumza, ndipo aende kazini.

"Duniani wawili wawili," alisema Cheka Kidogo.

"Na sweta nazo ni mbili mbili? Hiyo nimeifuma mwenyewe. Tazama kifungo cha chini, nilikosa cha rangi yake."

Usingizi ulimpaa. Je, mama ameanza kupotewa na akili? Au amepona, na kama amepona, mbona hasemi? Asubuhi akiwa anamkanda alimuuliza, kama mchezo tu, "Mama, jana ulitoka?"

"Nitoke na miguu ya nani, mwanangu?"

Sweta ilining'inia ukutani. Akaigusa upindo wa chini. Ilikuwa bado na unyevu.

Akaaga kama kawaida, ila hakwenda kazini. Alijibanza kwenye duka la mkate ng'ambo ya barabara, akijiona mjinga kwa kumpeleleza aliyemzaa. Haukupita muda mama akatoka, akafunga mlango, akashika njia kwa mwendo wa msichana. Cheka Kidogo akamfuata. Kwenye ngazi ukungu ukammeza mama yake, akabaki kufuata sauti ya viatu vyake, pumzi zikimwishia.

Mlinzi wa kibandani alimwona anavyotapatapa. "Unamtafuta Bibi Wingu? Yuko ndani, anawaonyesha wageni mlima."

"Mlima gani, na haya mawingu?"

"Anawachorea kwa mikono. Na kila siku anawaapia utafunguka saa hiyo hiyo. Hajapatia hata mara moja, lakini asipokuja tunaboreka."

Kweli, mama alikuwa katikati ya watu waliojikunyata kwa baridi, anachora kilele hewani, nao wanacheka. Cheka Kidogo hakujua ainue kamera au ainue sauti. Mama akamwona. Mikono ikabaki juu.

"Umefika," alisema. "Kaa kwanza, unahema kama ng'ombe."

Waliposhuka ndipo alipozungumza. "Magoti yaliuma kweli, mwaka ule wa msiba. Yakapoa. Nilitaka kukwambia."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilipokuwa mzima ulikuwa unakuja lini? Ulisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Nilipougua ukakaa. Nikaona nikipona, nitabaki kuzungumza na ukuta."

 Cheka Kidogo akamshika mkono pale penye utelezi, ingawa aliyekuwa akiteleza ni yeye.

Mwenye hoteli aliipenda picha ya ngazini kuliko zote, akaagiza ikuzwe iwe kubwa kama mlango. Mama alipoambiwa alilalamika tu kwamba sketi imekaa vibaya.

Usiku mkewe alimuuliza, "Sasa umekasirika au umefurahi?"

Cheka Kidogo alinyoosha mkono kuizima taa.

"Sijui, mke wangu. Sijui kabisa. Ila uniamshe mapema, mama amesema nikichelewa atapanda ngazi na kuniacha."