Salamu Iliyosubiri Onyesho

Sifa na shukrani ni zake Mungu aliyempa mwanadamu pumzi, na kila pumzi akaipa kazi yake. Zangu nimezitumia wodini, nikihudumia wagonjwa mpaka nikastaafu. Za binti yangu anazitumia kuimba. Zote zimetoka kwake, nami namshukuru kabla sijaeleza lolote.

Binti yangu ni mwimbaji wa opera, mwenye ile sauti ya juu wanayoiita soprano. Alianzia kanisani kwetu Newtown, hapa Birmingham, Uingereza, tulipokuwa tukiabudu katika ukumbi wa kukodi, Wakenya na Wakongo pamoja, akiwa amesimamishwa juu ya kreti ya soda ili aonekane. Leo picha zake hubandikwa kwenye kumbi kubwa za miji ambayo mimi naisikia tu. Lakini akiwa Birmingham hurudi kwangu, mtaa wa Erdington, huvua viatu mlangoni na kuuliza kama kuna maharagwe.

Mwaka jana alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Kwa desturi yetu mtoto huyo huchukua jina la mama mzaa baba, na wawili hao huitana somo maisha yao yote. Somo mkubwa humpakata mdogo, humwita somo kwa mara ya kwanza, kisha humwombea. Hapo ndipo mtoto huhesabiwa amepokelewa. Kwa hiyo mkwe wangu alimkatia mama yake tikiti kutoka Kenya.

Mama huyo alifika kwangu Ijumaa, na Jumamosi mchana binti yangu alikuwa aimbe kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Sauti ilikuwa ikimkwamakwama, na mwalimu wake alikuwa amemwonya asiiguse kabisa siku ya kuamkia onyesho, hata kwa kunong'ona. Mumewe alimweleza mama yake jambo hilo njiani kutoka uwanja wa ndege. Mama akacheka, akidhani ni mzaha.

Binti yangu alifungua mlango. Akapiga goti, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili, akatabasamu.

"Mama mwenye nyumba, hujambo?" mgeni akamsalimu.

Binti akaandika kwenye simu: Shikamoo mama, karibu sana. Akamwonyesha.

"Salamu za simu nilikuwa nikizipata nikiwa kwangu," mgeni akasema. "Sasa ndege nimepanda ya nini?"

Nilimkaribisha jikoni, nikammiminia chai. "Mkwe, anatunza sauti. Kesho ana kazi."

"Shikamoo inakula sauti kiasi gani? Kwani huko anaenda kuimba shikamoo?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Mtoto alipoletwa alimpakata, akamkagua vidole, akamsifu nywele. Ila alimwita "kitoto" tu, wala hakuomba.

"Nitamwombea siku mama yake atakapopata mdomo," akasema.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Machozi yakamlengalenga. Akaweka mkono kooni, akageuka, akaenda chumbani. Neno moja tu lingemaliza ugomvi ule, na neno lenyewe alikuwa nalo. Mimi nilibaki kuosha vikombe na kumwomba Mungu, maana chai ilikuwa imeshindwa.

Kesho yake tulipanda treni hadi mjini, mgeni wetu akiwa na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Mkwe wangu wa kiume alibaki na mtoto ukumbi wa nje. Sisi viti vyetu vilikuwa juu kabisa.

"Kipaza sauti wameweka wapi?" akaniuliza.

"Hakuna, mkwe."

"Acha mchezo. Kwetu hata tangazo la mkutano wa akina mama linapitia spika."

"Hapa ni pumzi tu."

Binti yangu akaanza. Sauti ilipita juu ya vinanda na tarumbeta zote, ikatufikia kule juu nzima, kana kwamba ametuinamia. Mwenzangu hakutazama jukwaa. Alikuwa akitafuta spika darini, kisha ukutani, kisha chini ya kiti. Mwishowe akaacha, akanishika mkono, akafumba macho.

Wakati wa mapumziko akaniuliza: "Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitunza jana?"

"Ndiyo hiyo."

"Nami nikataka aimwage mlangoni."

Baada ya onyesho tulimngoja nje, kwenye mlango wa wasanii. Alitoka na rangi bado machoni, akawapita watu waliotaka kupiga naye picha, akapiga goti palepale kwenye lami.

"Shikamoo, mama." Sauti ilikuwa imechoka.

"Marahaba, mwanangu. Basi, usiongeze. Iliyobaki mwekee somo yangu."

Akamchukua mtoto kutoka kwa baba yake, akamwita somo, akamwombea kwa sauti kuu huku mabasi yakipita, bila spika yoyote.

Nawe unayesoma, Mungu akutunzie pumzi yako, na akupe watu watakaokungoja hata siku unapolazimika kunyamaza.