Hamira Ikilewa

Adong alisilimu katika msikiti wa Kibuli kabla ya ndoa yake, na tangu hapo hakuonja pombe hata tone. Ndiyo maana maneno ya watu yalimchoma. Alikuwa akisimamia mitambo katika kiwanda kimoja cha hamira hapa Kampala, hamira hii hii ya kuumulia mandazi, lakini mtaani walisema kazi yake ni kupima pombe kutwa. Lisemwalo lipo, akaamini mama mkwe wake, Hajati Zenabu, mjane wa mwanajeshi. Akamwamuru mwanawe Ogwang: mkeo aache kazi hiyo kabla ya Ramadhani. Ogwang, askari polisi mzima mwenye bunduki, akainamisha kichwa na kusema ndiyo mama.

Jamani, Adong aliipenda kazi ile! Akamwomba bosi wake, Wanyama, Mkenya asiye na makuu, amruhusu kumleta Hajati ajionee.

Hajati akaja na mtandio mweupe, pua imeshakunjwa. Mbele ya kompyuta Adong akamweleza kwamba hamira ndani ya tangi hulishwa molasi, ule uji mweusi wa miwa. Ikila taratibu, inakua. Ikila kwa pupa, sukari inageuka pombe na kiwanda kinapata hasara. Kwa hiyo kuna chombo kinachonusa hewa itokayo tangini, na hicho ndicho kipimo walichokivumisha watu.

Hajamaliza, mstari mwekundu kwenye kioo ukaanza kupanda.

"Hii nini inapanda?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Ni pombe, mama."

"Astaghafirulahi! Sasa unangoja nini? Funga!"

"Mimi hapana gusa, mama. Tungoje kidogo."

Alisema hivyo, lakini hakuwa na hakika, kwa kuwa mtambo ulikuwa mpya na siku nyingine ulizubaa. Ukizubaa leo, kwaheri kazi. Mstari ukazidi kupanda. Kisha pampu ikapunguza mwendo, molasi ikawa ya kudondoka, na ule mstari ukasita, ukaanza kushuka. Hamira iliyonyimwa sukari ilikuwa inaila pombe yake yenyewe. Adong akashusha pumzi kama aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Nani amepunguza?" Hajati akauliza.

"Mashine yenyewe, mama. Ikisikia harufu ya pombe tu, inanyima sukari. Mimi nachunga isisinzie."

"Kumbe kazi yako ni kukataza pombe!" Hajati akaukunjua uso. "Basi wacha waseme mpaka wachoke. Wewe utabaki hapa hapa."

Machozi yakamtoka Adong, ya furaha tupu. Hajati alikuwa ameshamgeukia Wanyama.

"Bosi, hii ya kunusa, munauza ndogo?"

"Ya kufanyia nini, Hajati?"

"Ya kuweka kwa mlango ya mutoto yangu Ogwang. Kila jioni anarudi na peremende mudomoni, anafikiri mama yake hana pua."

Adong, aliyekuwa akimfichia mumewe siri hiyo miaka yote kwa kumwogopa mama huyu huyu, akacheka mpaka akashika meza.