Paskazia Aitwa Kujieleza

Karatasi ya mahakama ilimfikia Paskazia getini, akitoka zamu kwenye kiwanda cha samaki Nyakato, mikono bado inanuka sangara. Aliyeileta alimtaka asaini mbele ya wenzake. Akaisoma palepale: afike Mahakama ya Mwanzo Jumanne, saa tatu asubuhi, ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kukaidi amri ya kumruhusu Machibya, mume waliyeachana naye, kumwona binti yao Odeta.

"Kukaidi? Mimi?" akafoka, hadi mlinzi akageuka.

Amri yenyewe ilikuwa wazi. Odeta, mwenye miaka sita, akae na mama yake. Baba amwone kila Jumamosi saa nne katika ofisi ya mtendaji wa mtaa. Kila Jumamosi Paskazia alimvisha mtoto gauni la kanisani, wakakaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka saa saba. Machibya, aliyehamia Sengerema, hakuvuka ziwa pale Kigongo kuja hata mara moja.

Kaka yake Paskazia, Rwehumbiza, aliisoma karatasi akakunja uso. "Hawa wameshakuhukumu. Chukua mtoto uende Muleba kwa mama."

"Nikimbie kwa kosa la nani?"

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa karani wa mahakama na kuibwaga karatasi mezani bila hata salamu. Karani, mama wa makamo, aliisoma taratibu.

"Mwanangu, hii si hukumu. Mwenzio amelalamika, na hakimu anataka kusikia upande wako kabla ya kuamua. Usipofika, hapo ndipo utajiharibia. Una shahidi? Una maandishi?"

Maandishi yalikuwepo. Mtendaji alimsainisha daftari la wageni kila walipokuja.

Jumanne Machibya alisimama na shati jipya, akasema kwa sauti ya kutia huruma kwamba amenyimwa damu yake. Paskazia aliuma meno. Zamu yake ilipofika, hakumtazama.

"Mheshimiwa, mtendaji huyu hapa na daftari lake. Jumamosi kumi na moja. Saini zangu zipo. Zake zitafutwe."

Hakimu akafunua ukurasa mmoja mmoja. "Machibya, ulikuwa wapi?"

"Kazi, mheshimiwa... nilimtuma mtu apige simu."

"Mtu gani?"

Hakimu akayatupilia mbali malalamiko ya Machibya na kumwonya asiichezee mahakama. Kisha akamgeukia Paskazia. "Una la kuongeza?"

"Ninalo. Mwanangu ananiuliza kama baba yake amekufa. Hilo nani atalieleza?"

Hakimu akaliandika hilo pia.

Nje, Machibya alimsubiri kwenye ngazi. "Mama Odeta, mambo haya tungeyamaliza nyumbani."

"Nyumba ipi?" Paskazia akamuuliza kwa sauti, watu wote wakasikia. Hakungoja jibu. Akashuka ngazi, nakala ya uamuzi ameikunja mkononi.