Redio Iliyotoka Jasho

Baba alifia Mombasa, alikokuwa mpishi, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, mama hakupata pasi ya kwenda kumzika. Kilichotufikia Ruiru ni redio yake, imefungwa kwa kitambaa chake cha jikoni. Mwenzake aliyeileta alikuwa na maagizo marefu kuliko pole aliyotupa: hewa ya bahari hula vyuma, marehemu alikuwa akiifuta kila jioni, na mama naye asiache.

Bahari ya wapi, Ruiru? Sisi tulikuwa na mto na vumbi la mashamba ya kahawa. Hata hivyo mama aliifuta. Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, kitambaa kikawa kinatoka kimelowa.

Nilikishika mwenyewe. Unga ulikuwa mkavu, kiberiti kiliwaka mara moja, ila redio ndiyo iliyotoka jasho. Tukiiwasha haikusema neno. Ilikohoa tu, kikohozi kifupi cha kifua kibovu, na cha baba kilikuwa hivyo hivyo. Nilianza kuogopa upande ule wa chumba. Majirani nao wakanong'ona, na lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Cucu, mama yake baba, aligusa kitambaa kwa ulimi.

"Iko na chumvi," akamwambia mama. "Mtoto wangu analia. Peleka hiyo kitu mto."

"Maitu, mama yangu, sikumzika. Sasa na hii nitupe?"

Tangu siku ile Cucu alikataa kula mle ndani.

Mama akaibeba hadi Thika kwa fundi Kalasinga, nami nikamfuata. Fundi alifungua mgongo wa redio, tukaona unga mweupe umeganda kwenye nyaya.

"Mama, hii nakula chumvi ya Mombasa miaka mingi," alisema. "Chumvi nakunywa maji ya hewa. Mimi nasafisha, taisha."

Akaisugua kwa brashi na spiriti, akaianika juani.

Jioni ile ilisoma habari kwa sauti safi, bila kikohozi. Cucu aliingia, akaketi, akaomba chai. Mimi nilifurahi mno. Mama akachukua kitambaa kama kawaida, akafuta juu, pembeni na nyuma, kisha akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Siku tulipoletewa habari ya kifo mama hakulia. Sasa alikaa chini na kitambaa mapajani, akalia mbele yetu sote.

"Ameenda," alisema.