Kitufe cha Kengele Kutoka Jeddah

Tarehe kumi na mbili Februari mwaka huu tulimzika mama yangu, Mariakani, kabla ya adhuhuri. Huyo ndiye niliyempoteza, na sitalizungusha neno.

Siku hiyo, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, kijana wa bodaboda aliyetuletea magunia ya mkaa alitaka kuondoka. Akabonyeza stata. Pikipiki ikasema tik. Akabonyeza tena, tik. Baba yangu, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefungua kinywa ila kuitikia salamu, akainua kichwa akasema, "Betri imelala. Usiitese." Watu wakageuka kumtazama, wakadhani ni majonzi yanazungumza. Mimi peke yangu nilijua baba alikuwa wapi. Alikuwa Riyadh, kwenye mchanga, na mama alikuwa amekaa juu ya mashine akikataa kushuka.

Jirani mmoja aliyekuwa akisugua sufuria akasema, "Maskini, Arabuni ndiko kulikommaliza." Sikumjibu, kwa sababu ya msiba. Namjibu leo. Arabuni kulimwumiza bega, hilo ni kweli, na mengine pia. Lakini mama yangu hakuwa maskini wa mtu. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa ile miaka mawakala walipokuwa wakifika mpaka huku kwetu wakitafuta madereva, walinzi na wanawake wa kazi za nyumbani. Baba alitangulia, Riyadh. Mama akafuata, lakini yeye akaangukia Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kwenye nyumba kubwa ya madam mmoja. Mimi nikabaki na bibi. Nilipofika miaka tisa, shangazi alipata safari ya umra, akanichukua.

Mama aliruhusiwa kuniona alasiri moja, jikoni. Nakumbuka sakafu ya marumaru iliyokuwa baridi miguuni, na harufu ya iliki ikipigana na dawa ya kuoshea vyoo. Mama akanikalisha kati ya magoti yake anisuke. Hakuwa amenishika kichwa kwa miaka miwili. Juu ya jokofu palikuwa na kengele, na kitufe chake kilikuwa chumbani kwa madam, kando ya kitanda. Kengele ikalia. Mama akaacha msuko katikati, akaenda. Akarudi, akatafuta pale alipoachia, ikalia tena. Madam hakuwa akibonyeza na kungoja. Alibonyeza mfululizo mpaka mtu atokee. Jioni nilirudi kwa shangazi nimesukwa upande mmoja.

Wiki chache baadaye madam alibadilisha nyaya za nyumba nzima, na mafundi wakaitupa ile kengele. Mama akaokota kitufe kwenye pipa la taka: cheupe, cha mviringo, kina pete ya shaba pembeni. Nilipomwuliza cha nini, alisema, "Nataka niwe najua kiko wapi."

Mkataba wake ulipoisha, madam alimwambia abaki. Mama akasema halas, imetosha. Shangazi alikuwa amesharudi nyumbani, mimi nikiwa nimeachwa kwa Wakenya wenzetu, na mama akaja kunichukua tukaenda kwa baba. Pasipoti yake ilibaki kwa madam, na viza yangu ya umra ilikuwa imekwisha. Hilo sitalificha. Tulikuwa watu wasio na karatasi.

Baba alilala Manfuha, mtaa wa Riyadh, kwenye chumba cha wanaume peke yao, na kazi yake ilikuwa nje ya mji, kwenye uwanja wa kukodisha dababu. Dababu ni pikipiki ya magurudumu manne ambayo watu huendesha mchangani kwa kujifurahisha, msimu wa baridi ukiingia. Ndiyo, kuna baridi huko. Asubuhi pumzi ilitoka kinywani kama moshi, nami nilitembea nimevaa koti la baba lililofika kwenye vifundo vya miguu. Chai ilipikwa nje, juu ya jiko la gesi, na bati la uzio liligongagonga upepo ukivuma.

Uwanjani palikuwa na chumba kimoja kitupu. Baba akamwomba bosi atuweke humo. Bosi hakuwa mtu mkali, ila hakutoa kitu bure. Alisema chumba ni cha mfanyakazi, si cha mgeni. Alhamisi na Ijumaa zilikuja familia, na wanawake walikuwa na upande wao nyuma ya turubai refu, ambako wanaume hawakuingia. Mashine zote ziliwashwa kwa kuvuta kamba, kwa nguvu, na abaya hunasa. Ikawa kila mashine ikizimika kule ndani, wanawake wafunike nyuso, baba aitwe, wote wangoje. Bosi alitaka mwanamke wa kuziwasha. "Akiweza kuwasha, chumba chake," alisema. "Asipoweza, mafi chumba." Mafi, yaani hakuna.

Mama hakuweza. Bega la kulia lilikuwa limeharibika tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi akipangusa taa za madam. Alivuta mara moja, akakaa chini akishika bega, machozi yakimtoka bila sauti. Na madam alikuwa akimpigia baba simu kila mara: mwambie arudi, kitanda chake kipo. Kitanda cha mtu mmoja. Mama akirudi Jeddah, mimi ningetafutiwa njia ya kupelekwa kwa bibi peke yangu. Yote hayo yalining'inia kwenye kamba ambayo mama hakuweza kuivuta.

Baba ndiye aliyegundua kifuniko. Ubavuni mwa injini palikuwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa boliti mbili. Akakifungua, akakuta tundu tupu. Kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi ya stata ya umeme, ila mashine zile zilinunuliwa za bei ya chini, zisizo nayo. Manfuha kulikuwa na fundi Mpakistani aliyeuza vipuri vya mashine zilizogongwa, na kwake baba akapata stata inayoingia pale, na betri iliyotumika. Kilichokosekana kilikuwa kitufe. Mama akaingia ndani, akatoka na kile cha Jeddah.

"Hiki ni cha kengele, mke wangu," baba akasema.

"Najua ni cha nini. Kuliko wewe."

Baba akafunga vile alivyoelewa: waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye kitufe, kutoka kwenye kitufe mpaka kwenye stata. Waya wenyewe mwembamba, wa taa. Akabonyeza. Waya ukavimba, ukatoa moshi, plastiki ikadondoka matone meusi juu ya tangi. Baba akaruka nyuma akijipuliza vidole, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Ndicho kicheko cha kwanza nilichomsikia nacho tangu tuonane.

Fundi Mpakistani alipoelezwa alimwuliza baba kama alikuwa akiunda pikipiki au akichoma nyama. Halafu akampa rilei, kiboksi kidogo cha kukaa katikati. Baba alirudi akatueleza alivyofunzwa. Stata inakula umeme mwingi, kitufe kidogo hakiwezi kuubeba. Kwa hiyo kitufe kinaiita tu rilei, na rilei ndiyo inayoufungulia umeme mkubwa upite kwenye waya mnene.

"Yaani kitufe kinaita tu, kazi anafanya mwingine?" mama akauliza.

"Ndivyo."

"Basi hakijahama Jeddah."

Tulifanya kazi hiyo siku mbili, sote watatu. Mama alimenya nyaya kwa kisu cha vitunguu. Baba alichomelea kikapu cha chuma mbele, cha kuwekea betri, akaifunga kwa mpira wa tyubu. Mimi nilipewa msasa nikwangue rangi kwenye fremu, kwa sababu waya wa hasi lazima uguse chuma kitupu, ukigusa rangi hakuna kitu. Nilikwangua mpaka vidole vikawa na ladha ya chuma nilipokula chapati. Kitufe kilifungwa kwenye usukani, upande wa kushoto, mkono mzima wa mama.

Jumatano jioni ikawaka. Mashine ilikohoa ikanguruma, na mama akafunika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaizima, akaiwasha tena. Akaizima. Akaiwasha. Baba akamwambia inatosha, mashine hii haina cha kuchaji betri, kinachotumika hakirudi. Mama hakusikia. Alikuwa akibonyeza kama madam, mfululizo, bila kungoja, na kila mara kile chuma kiliitika. Sitamtetea mama katika hili. Betri aliimaliza mwenyewe, kwa raha. Wala simlaumu.

Bosi akaja Alhamisi mapema, kabla ya wateja, akaegesha jipu lake karibu, mlango wazi, redio ikiimba. Mama akapanda, akakusanya abaya chini ya mapaja, akabonyeza.

Tik.

Akabonyeza tena. Tik. Baba akaangalia chini. Bosi akapiga viganja kama mtu anayekung'uta unga.

"Mafi," akasema. "Halas. Yalla, shuka."

"Sishuki," mama akasema.

"Mama, shuka tuzungumze," baba akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Zungumzeni. Mimi nimeshakaa."

Bosi akauliza anasema nini. Mama akamjibu mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Nasema, baba, sishuki mpaka iwake."

"Itawakaje? Betri imekufa."

"Ya kwangu imekufa. Ya kwako nzima. Naisikia inaimba."

Bosi akamtazama. Mimi nilikuwa nimeshika koti la baba, nikiona kile kitanda cha mtu mmoja. Kisha bosi akaangalia jipu lake, akaangalia mwanamke aliyekaa juu ya mashine yake kama amekaa kwake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Lete nyaya," akamwambia baba. "Lete, kabla hajaniambia na mimi niingie jikoni."

Wakaunga betri ya jipu na ya mashine. Mama akabonyeza mara moja. Ikawaka. Baba alipotoa tu nyaya, mama akaondoka nayo, yeye ambaye hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Akazunguka uwanja, akatoka langoni, akaupanda mlima wa mchanga abaya ikipeperuka, bosi akimkimbilia huku akipiga kelele, "Bas! Bas, ya mama!" Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Bosi, akihema, akamwambia baba, "Mpe chumba. Na mwambie asiichezee kengele yake."

Baba akazifunga na zile nyingine stata vilevile, kwa vitufe vya kununua. Kila jioni betri zilipangwa chumbani kwetu zichajiwe, nami nililala nikisikia mlio wake mwembamba na harufu ya asidi ikichanganyika na maharagwe ya nazi ya kopo. Nilikosa shule, ndiyo maana sikusoma mbali baadaye. Lakini nilisukwa pande zote mbili kila wiki, nywele zote, mpaka mwisho, na hakuna kilicholia katikati.

Kule nyuma ya turubai mama aliwafundisha wanawake. "Bonyeza mara moja, ungoje," alikuwa akisema. "Na chuma kina heshima yake." Walizimikiwa, wakawasha wenyewe, wakaenda zao. Hakuna aliyefunika uso, hakuna mwanamume aliyeitwa.

Siku hizi naambiwa pale pamejengwa maghorofa, na wanawake wanajiendeshea magari barabarani kule. Mashine mpya zote huja na kitufe, na hakuna anayejua kwamba palikuwa na mwanamke wa Mariakani. Ile sauti ya betri zikichajiwa sijaisikia tena popote. Juzi, tulipokuwa tukitenga vitu vya mama, mjomba aliokota kitufe kwenye kopo la sindano akasema tukifunge langoni, tuwe na kengele kama watu. Nilikataa. Mama aliishi kwenye nyumba hii miaka yote bila kengele. Aliyekuja alipiga hodi, kwa mdomo wake, akangoja.

Kule Riyadh, msimu wetu wa pili uwanjani, wakaja watu wa kukagua karatasi. Sijui nani aliwaita. Sitasema ni bosi, kwa sababu sikuona. Wakasema mama na mimi tutasafirishwa, tufunge mizigo. Baba, ambaye ikama yake, kibali cha kukaa, ilikuwa halali, akamwomba bosi ruhusa atusindikize mpaka mwisho. Bosi akasema Ijumaa kazi ni nyingi, mafi.

Mama hakubishana. Akamwomba mkaguzi mmoja dakika moja, akaenda kwenye ile mashine ya kwanza, akachukua bisibisi kwenye kikapu cha betri. Akafungua kitufe, akazikunja ncha za nyaya vizuri zisigusane, akakitia kifuani.

"We mama!" bosi akapaza sauti. "Nitaiwashaje hiyo?"

"Vuta kamba, baba," mama akasema.

Tukaingia kwenye gari. Baba alisimama langoni, mkono juu. Wateja walikuwa wameshaanza kufika, na nyuma yake nikamwona bosi amekunja kanzu mpaka magotini, amekanyaga mashine kwa mguu mmoja, anavuta. Akavuta tena. Mama hakugeuka. Mimi niliangalia mpaka vumbi likaziba kioo, na ilikuwa haijawaka.