Simu ya Tresor Bado Inapiga Picha

Ukienda kununua kitenge kwa Monique pale Nsambya, kwenye njia inayoshuka kuelekea nyumba za polisi, usishangae akikuonyesha picha kabla ya kitambaa. Atakupa kiti, atakuuliza umetoka wapi, na ukisema tu kwamba una ndugu upande wa Kivu, basi umekwisha. Simu itatoka kifuani. Utaonyeshwa mwanamume mrefu aliyevaa jaketi jekundu, amesimama wima mbele ya ukuta wa udongo, halafu msichana mdogo, mikono imeshuka ubavuni, macho yamekukazia wewe. "Unawajua hawa? Tazama vizuri. Usijibu haraka." Wateja wengine huudhika wakaenda zao. Wengine humwambia pole mama, sijawahi kuwaona. Monique hufuta kioo kwa upindo wa nguo yake, kisha anakuuliza unataka cha rangi gani.

Wapo wanaosema amerukwa na akili. Hapana bwana, akili anazo zote, na hilo ndilo linalomtesa.

Monique alikuja Kampala miaka mingi iliyopita akitokea Bukavu, yeye na mama yake, bibi mmoja mfupi mwenye maneno, ambaye mtaa mzima unamwita Koko. Nyuma alibaki mdogo wake, Tresor, kitinda mimba, aliyedekezwa mpaka basi. Kazi yake ilikuwa kufunga umeme wa jua juu ya mapaa: leo parokia, kesho zahanati, keshokutwa shule ya kijijini ambako hata barabara haifiki. Monique ndiye aliyemnunulia simu yake ya kwanza ya maana, akampelekea mwenyewe. Simu ilipodai akaunti, Tresor akacheka, akimwita yaya kama wanavyoita dada mkubwa kwao. "Weka yako, yaya. Mimi neno la siri nitalisahau kabla sijamaliza kuliandika."

Monique akaweka yake. Mambo ya haraka haraka, nani hajafanya? Tangu siku hiyo kila picha aliyopiga Tresor kule ilipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni na kumshukia dada yake Kampala. Ikawa mchezo wao. Tresor akitaka kumchokoza hapigi simu wala haandiki ujumbe. Anapiga picha sahani ya ugali na sambaza, dagaa wa ziwa la kwao, basi. Monique yuko kibandani anamtafutia mteja picha ya kitenge cha bluu, anakuta sahani imejichomeka katikati ya vitambaa, naye anampigia akifoka: "Wee! Unakula sambaza bila mimi, huna haya?" Hapo Koko anamnyang'anya simu aulize kama mtoto ameshiba.

Kisha vita vikaingia Bukavu. Tresor alipiga mara moja, anahema kama mtu anayetembea. "Yaya, nikikata simu hii natoa laini. WhatsApp nimeshaifuta, na ile ya ramani nimeizima. Wanakagua simu za watu barabarani, wakikuta kisichowapendeza ndiyo basi tena. Nikivuka nitawatafuta. Mwambie mama asilie."

Alipanda lori. Lori hilo lilishambuliwa kabla halijafika mbali, na waliookoka wakafika Kampala walisema walimwona Tresor akianguka kutoka ubavuni. Baada ya hapo kila mtu alikimbia na roho yake, hakuna aliyegeuka nyuma. Wanawake wa parokia walikuja kumpa Koko pole, naye akawatoa mlangoni. Kilio cha nani? Mwili umeuona? Kaburi umelionyeshwa? Basi nendeni mkapike. Monique alitamani kulia yakaishe, lakini utamlilia vipi mtu ambaye mama yake bado anamtengea sabuni?

Miezi ikapita. Alasiri moja Monique alikuwa kibandani, amemaliza kupiga picha mzigo mpya, anapitisha kidole kwenye kioo kumchagulia mteja. Kitenge cha njano, kitenge cha kijani, ukuta wa udongo. Akarudi nyuma. Ukuta wa udongo, na mbele yake mwanamume asiyemjua, amevaa jaketi jekundu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Uzi ule alishona yeye Monique kwa mkono wake, kwa kuwa mwekundu haukupatikana, na jaketi lile alimpelekea Tresor.

Mteja aliuliza mara mbili kama yuko salama.

Jioni akafanya kosa la kumwambia mama yake. Koko aliitazama picha, hakuuliza jaketi, hakuuliza mwanamume. "Simu iko hai," akasema. "Basi na mutoto wangu yuko hai." Siku iliyofuata alitenga sahani ya tatu mezani, akaifunika na sahani nyingine ili chakula kisipoe.

Picha zikaendelea kuja. Siku kadhaa kimya, halafu mbili au tatu kwa mpigo, kana kwamba simu ile hupelekwa mahali penye mtandao halafu inarudishwa gizani. Kila mara ni wale wale wawili, mwanamume na msichana, ukuta ule ule. Hawakuwa wanakula, hawakuwa wanacheza, hawakuwa na sherehe. Walisimama tu, wamenyooka, bila kutabasamu, wakitazama mbele. Mtu akiiba simu hupiga picha za rafiki zake wakinywa bia. Hawa walikuwa wanamtazama Monique.

Jamani, usiombe kutazamwa hivyo. Aliilaza simu kifudifudi mezani, akahisi wako pale chini wanasubiri. Aliizima kanisani, akaona jaketi jekundu kwenye bega la kila mwanamume aliyekaa mbele yake. Ilifika mahali akaogopa kufungua picha za vitenge vyake mwenyewe, akawa anawaambia wateja waje wajionee kwa macho. Siku moja alikuwa peke yake jikoni, akajikuta anaifokea simu kwa sauti: "Mnanitazama nini? Nimewakosea nini?" Koko akachungulia mlangoni. "Wanataka kusema kitu hao," akasema. "Waandikie."

Kumbe inawezekana. Ukiwa na akaunti, unaweza kuiandikia simu iliyopotea maneno yatokee usoni pake, na namba yako ya kupigiwa. Monique alikwenda kumuuliza Akwero, jirani yake, mke wa polisi, aliyewahi kuibiwa simu akajifunza mambo yote hayo kwa uchungu.

"Weh, Monique, wacha mchezo," alisema Akwero. "Kamera inafunguka bila namba ya siri. Ndiyo maana wanapiga picha tu, hawawezi kuingia ndani. Sasa wewe unataka kuwapa namba yako? Watakupigia, watasema Tresor iko nao, tuma pesa ya dawa, tuma pesa ya usafiri. Watakula mpaka hiki kibanda. Na mama yako ataamini kila kitu! Mimi simu yangu walipoiba nilifuta yote. Mwizi akabaki na kioo. Hao watu wanavaa nguo ya marehemu, wewe unawaonea huruma?"

Maneno ya nguo ya marehemu yalimchoma. Lakini tusimsingizie hasira peke yake. Alimfikiria Koko, na sahani inayofunikwa kila jioni na kumwagwa kila asubuhi. Alimpenda mama yake, naye aliona simu ile ndiyo inayomzuia bibi wa watu kulia, na asipolia atakufa na kilio chake kifuani. Akafungua akaunti pale pale mbele ya Akwero, akaikuta simu ya Tresor, akabonyeza pa kufuta kila kitu. Jibu likaja kwamba kifaa hakina mtandao kwa sasa, kitafutwa kitakapounganishwa tena. Akwero akampigapiga begani. Monique hakujisikia nafuu yoyote, alijisikia kama aliyemfungia mtu mlango.

Nyumbani akasema uongo. Akamwambia Koko simu imekufa, imezimika kabisa, haitakuja picha nyingine. Koko alikuwa ameshika ile sahani ya tatu. Akaiweka magotini.

"Basi," akasema. "Waite hao wanawake."

Wakakaa matanga. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, picha ya Tresor ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, wanawake wa parokia wakaja na masufuria yao na nyimbo zao. Koko alilia. Alilia kwa sauti ambayo Monique hakuwahi kuisikia ndani ya mwili ule mdogo, na Monique, Mungu amsamehe, akafurahi. Alijiambia sasa mama amepona.

Ilikuwa mchana, wakiwa katikati ya rozari, simu ilipotikisika kifuani mwake. Ikatikisika tena, na tena. Akatoka pole pole, akaenda kukaa juu ya dumu la maji nyuma ya nyumba.

Ya kwanza ilikuwa ya wale wawili, ukuta ule ule. Lakini safari hii mtandao wa huko ulikuwa umekaa vizuri, na picha za zamani zilizokuwa zimekwama nyuma ya zile mpya nazo zikaanza kupanda. Ikaja moja ya ukungu mtupu, kidole kimeziba nusu. Ikaja nyingine ya dari ya nyasi na sikio la yule mwanamume, hana jaketi. Ikaja ya msichana, karibu mno, anacheka mapengo yote nje. Halafu ikaja ya Tresor.

Alikuwa amelala juu ya kitanda cha mbao, jaketi jekundu mwilini mwake, mguu umezungushiwa vitambaa kuanzia gotini. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Anacheka. Mkono ameunyoosha kuelekea kwenye kamera, kidole kimoja mbele, kama mtu anayesema siyo hapo, bonyeza hapa. Monique akatazama tarehe. Ilikuwa wiki nyingi baada ya lori.

Hapo akaelewa yote kwa mara moja, na bora asingeelewa. Tresor alikuwa anawafundisha. Watu wa watu waliomwokota barabarani, wakamlaza kitandani mwao, naye hana laini, hana nguvu ya kufika kwenye mtandao, akawaambia mimi nikishindwa, nyinyi pigeni picha, dada yangu ataona. Nao wakashika neno lake. Wakaichaji simu wasiyoweza kuifungua, kila siku, isije ikazimika. Wakasimama ukutani, wakamvalia jaketi la ndugu yake ili alitambue, wakatazama mbele, wakangoja dada aone.

Simu ikatikisika mara ya mwisho. Haikuwa picha. Ilikuwa taarifa kwamba kifaa kimefutwa.

Alibonyeza kila mahali. Alijaribu kurudi nyuma, alijaribu kuandika yale maneno ya kutokea usoni, simu ikamponyoka ikaanguka kwenye tope. Kwenye akaunti, pale palipokuwa na simu ya Tresor, hapakuwa na kitu.

Koko akamkuta pale, kilemba kimemlegea. "Unalia kilio gani hiki?" akauliza. "Hiki si kile cha pale matangani."

Monique akampa simu. Angefanya nini? Uongo ulikuwa umemwishia. Koko aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akaitazama picha ile mpaka kioo kikazima, akamrudishia binti yake akiwashe, akatazama tena.

"Mguu umefungwa vizuri," akasema. "Aliyemfunga alikuwa na mkono mwepesi." Akapitisha kidole, akafika kwa yule msichana anayecheka. "Na ni hawa."

"Ndiyo, mama."

"Wanajua alipo. Kama yuko kitandani wanajua, kama wamemzika wanajua."

"Mama, simu haikuzimika yenyewe. Niliifuta mimi. Nilidhani ni wezi. Sasa wameshika kioo kitupu, kinawaomba neno la siri ambalo ninalijua mimi tu. Hawatapiga picha tena. Hata wakipiga haitafika."

Alingoja kofi. Alilitaka hasa. Koko hakupiga na hakupaza sauti. Alikuwa amerudi kwenye picha ya leo, ile ya mwanamume na msichana wamesimama wima mbele ya ukuta, na alikuwa anaitikisia kichwa, pole pole, kama mtu anayeitikia salamu.

"Wamesimama sana hawa watu," akasema. "Waambie tumewaona, waketi."

"Siwezi, mama."

Chini ya turubai wanawake walikuwa wamemaliza fungu moja la rozari, na mmoja wao akaita Koko yuko wapi, tunamngoja. Koko hakugeuka. Alimshika Monique kiganjani, akamwekea simu, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Waambie," akasema.